Mjadala wa Alhamisi: chumba cha kuongozea setilaiti

Habari za jioni wanakikundi. Alhamisi tunaendelea na taasisi zenye utegemevu wa juu, zile ambazo kosa dogo laweza kuzaa maafa: vinu vya nyuklia, meli za kubeba ndege za kivita, waongoza ndege. Safari hii tunazipeleka kanuni zao kwenye setilaiti.

Naomba kila mmoja asome kisa cha SOHO, chombo cha kuchunguza Jua cha ESA (shirika la anga za juu la Ulaya) na NASA (la Marekani). Tarehe 25 Juni 1998 mawasiliano nacho yalikatika, na hakikugongwa na kitu. Wakati wa matengenezo, waendeshaji waliamini jairoskopu moja (kifaa cha kupima jinsi chombo kinavyogeuka) ni mbovu wakaizima, kumbe nzima ndiyo hiyo. Waliyoitegemea ilikuwa haizunguki. Mawasiliano yalirudi Agosti, na chombo kikaokolewa.

Kwangu mimi, kiini ni kanuni ya kutokubali maelezo mepesi haraka. Vipimo viwili vikipingana, hiyo ni taarifa, siyo kero ya kuondolewa ili ratiba iende. Ile ya kumsikiliza mwenye ujuzi badala ya mwenye cheo nayo tuijadili kwa kina: zamu ya usiku, kijana anaona namba isiyomkaa sawa, je, ana ruhusa ya kusimamisha amri isitumwe? Ya ustahimilivu, yaani kupata hitilafu na kuinuka tena, tutaigusa tu, maana hali ya usalama ya chombo (kinapojizimia kazi zisizo za lazima kikisubiri msaada) wengi mnaifahamu.

Wanaofanya kazi za zamu, njooni na mifano yenu, bila majina ya watu wala kampuni. Sauti ndefu tafadhali msitume, andikeni.