Okullu alikuwa mhariri kabla ya kuwa askofu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu maaskofu waliokabiliana na utawala wa chama kimoja ilimtaja Henry Okullu, askofu wa Kianglikana, kwa sentensi moja tu, tena ikamchora kama mwanasiasa aliyejisitiri kwa joho. Mwandishi angemwelewa vyema zaidi lau angekumbuka kwamba mzee huyo, kabla ya kukabidhiwa fimbo ya uaskofu, aliwahi kukalia kiti kama chako.

Okullu, mzaliwa wa Asembo, magharibi mwa Kenya, mwaka 1929, alibarikiwa ukasisi nchini Uganda, na huko ndiko alikoanza kuhariri gazeti la kanisa. Aliporejea Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960 aliongoza Target, gazeti la makanisa lililokuwa na pacha wake wa Kiswahili, Lengo. (Marehemu baba alikuwa akilikunja Lengo mara nne na kulitia ndani ya Biblia, hata nikadhani ni sehemu ya ibada.) Mwaka 1971 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa provosti, yaani kasisi mkuu, wa Kanisa Kuu la All Saints hapa Nairobi, na kuanzia 1974 akawa askofu wa dayosisi ya Maseno Kusini kwa miaka 20.

KANU, chama hicho kimoja kilichotawala, ilipoamua mwaka 1986 kwamba wateuzi wake wapigiwe kura kwa mlolongo, yaani wapiga kura wajipange mstari nyuma ya mgombea wao, Okullu na wachungaji wenzake walipinga, na hoja yao ilikuwa ya kichungaji hasa: kasisi atasimamaje hadharani nyuma ya muumini mmoja huku mpinzani wake, muumini vilevile, akimtazama, kisha Jumapili awape wote wawili ushirika mtakatifu? Mwaka 1988 baba, aliyekuwa karani, alifika uwanjani na kadi yake ya chama mfukoni, akamwona mkubwa wake wa kazi katika mstari asioutaka yeye, akarudi nyumbani kimya. Mgombea aliyepata asilimia 70 ya waliojipanga alipita bila kura ya siri.

Mwaka 1990 Okullu alitaka rais asizidi vipindi viwili. Alifariki 1999, miaka mitatu kabla ya Rais Moi kuondoka kwa kikomo hichohicho.

Mkiirudia makala hiyo, naomba muongeze mstari mmoja kuhusu Target, na mwingine kuhusu Lengo.

Msomaji wenu,
South B, Nairobi