Barua ya wazi kwa vijana wenye mikahawa na nyumba za wageni Lamu

Kwa vijana wetu mnaoendesha mikahawa, vibanda vya chakula na nyumba za wageni, kuanzia Mkomani na Langoni hadi Shela,

Assalaam alaykum, na salamu nyingi kwa wenzetu wasiokuwa Waislamu.

Ninawaandikia kwa sababu msimu unakaribia, na kwa sababu wengi wenu mmekuwa mkinijia mmoja mmoja na swali lile lile kwa maneno tofauti: meza zilijaa tangu Disemba hadi Machi, wageni waliondoka wakishukuru, lakini ilipofika Mei hapakuwa na fedha za kuezeka upya makuti wala za kumlipa mlinzi. Kila mmoja huja na mtu wake wa kumshuku, mara mpishi, mara binamu anayekaa kwenye kaunta. Nimeshika vitabu vya hesabu vya mahoteli kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kwa niliyoyaona katika madaftari yenu, pale yalipokuwepo, wengi wenu hamkuibiwa. Mlitumia fedha ambazo hazikuwa faida, kwa kuwa hapakuwa na maandishi ya kuwaonyesha faida ni ipi.

Biashara ya hapa kwetu haiendi kama duka la unga, ambalo wateja wake ni wale wale mwaka mzima. Wageni huja na kaskazi, wengine hurudi Julai na Agosti, na mvua za masika zinapoanza baadhi ya nyumba za Shela hufungwa kabisa. Kodi ya nyumba, mshahara wa mlinzi, leseni ya kaunti na bili ya stima havijui msimu. Tuseme gharama zako zisizokwepeka ni shilingi 70,000 kwa mwezi, na kwamba katika Aprili, Mei na Juni mauzo yako, yakishatolewa gharama ya chakula, hukubakishia shilingi 15,000 tu kila mwezi. Kila mwezi una upungufu wa shilingi 55,000, na kwa miezi yote mitatu ni shilingi 165,000. Ukizigawa katika miezi minne ya neema, utaona kwamba kila mwezi, tangu Disemba hadi Machi, kuna shilingi 41,250 zinazopita mikononi mwako ambazo ni za masika, ila zimewahi kufika. Zitoeni kabla ya kuhesabu faida, mkaziweke katika akaunti nyingine, na kinachobaki ndicho cha kujadiliwa.

Amana za wageni zina udanganyifu wa namna hiyo hiyo. Mgeni wa Krismasi huweka chumba mwezi wa Septemba na kutuma nusu ya malipo, na fedha hizo huingia wakati mfuko umekauka, kwa hiyo hulipia injini ya boti au karo za watoto. Mgeni akifika, mwenye nyumba hana cha kumnunulia hata mayai. Katika hesabu, fedha ya mgeni ambaye hajalala kwako ni deni unalodaiwa, na huandikwa upande wa madeni mpaka usiku ule atakapolala. Hapo ndipo inapohamishwa kwenda kwenye mapato. Akighairi safari kwa masharti yanayomrudishia fedha yake, utaitoa wapi ikiwa umeshaiita mapato?

Baadhi yenu mtaniambia kwamba mji wetu ni mdogo, kwamba muuza samaki ni mjomba na muuza nazi ni jirani, na kwamba kuandikiana ni dalili ya kutoaminiana. Sikubali. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni la muda maalumu, nayo inawahusu waumini, watu ambao walipaswa kuaminiana kuliko wote. Andikeni mnachodaiwa na mnachowadai watu siku hiyo hiyo, na kila mwisho wa wiki msomeane na mwenye deni. Andikeni pia mnachochukua wenyewe. Mwenye mkahawa anayetoa shilingi 5,000 kwenye droo kwa ajili ya rambirambi au kwa maandalizi ya Maulidi hajafanya kosa lolote, kwani fedha ni zake. Lakini matoleo hayo yasipoandikwa katika ukurasa wa matumizi ya mwenyewe, biashara itaonekana kula hasara ambayo kwa kweli ni sherehe ya nyumbani.

Sasa niende jikoni, ambako fedha nyingi hupotea bila mtu kuzigusa. Chukueni kolekole wa kilo 4 aliyenunuliwa asubuhi katika soko la samaki kando ya Ngome, na tuseme kwa mfano tu kwamba kilo ni shilingi 500. Umelipa 2,000. Ukishaondoa kichwa, mifupa, ngozi na matumbo, mizani itakuonyesha minofu ya kilo 2 hivi, kwa hiyo kilo ya kile anachokula mgeni imekugharimu shilingi 1,000, na kipande cha gramu 250 ni shilingi 250. Kijana anayekadiria kwa bei ya sokoni huandika 125, na sahani nzima imeshaharibika hesabu kabla haijafika motoni. Ongeza tui, ndimu, ukwaju, viungo na makaa, tuseme 110, na wali wa nazi 60. Samaki wako wa kupaka amekugharimu shilingi 420, nawe unamuuza 1,200. Yule aliyekadiria kwa bei ya sokoni anaamini kwamba chakula kinamla asilimia 25 ya mauzo, kumbe kinamla 35. Akiwa amesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 16 juu ya bei, hali ni nzito zaidi, kwa sababu katika zile 1,200 kiasi cha shilingi 165 ni za serikali, yeye amebakiwa na 1,034 na ushei, na chakula kinachukua karibu asilimia 41. Katika fani hii inasemwa kwamba gharama ya chakula ikikaa kati ya asilimia 28 na 35 mkahawa unaweza kupumua. Visiwani, ambako mchele na mafuta huvuka kutoka gati la Mokowe, upande wa bara, kwa boti na kupanda vichochoro kwa punda, si jambo jepesi kukaa ndani ya mipaka hiyo, nami simlaumu anayeizidi ilimradi anajua kwamba ameizidi. Vile vichwa, kwa njia, visitupwe wala visisahauliwe: kama vinapikwa supu ya kuuza, au ndicho chakula cha wafanyakazi, viandikwe kwa thamani yake.

Gharama ya sahani moja tuliyoikokotoa ni makadirio, na makadirio hupimwa kwa kuhesabu stoo. Usiku wa mwisho wa mwezi, baada ya mgeni wa mwisho kuondoka, watu wawili waingie stoo na kwenye friza, mmoja akipima na mwingine akiandika, wasiruke hata pakiti ya iliki. Thamani ya bidhaa zilizokuwepo mwanzo wa mwezi, ukijumlisha manunuzi na kutoa zilizobaki, ndiyo gharama ya chakula kilichotumika. Ulianza na shilingi 38,000, ukanunua vya 214,000, ukabakiwa na vya 46,000, umetumia 206,000. Ikiwa mauzo yalikuwa 580,000 na kwa makadirio yako ulipaswa kutumia asilimia 30, yaani 174,000, basi kuna shilingi 32,000 zinazotafutwa. Nawasihi msianze na kumtuhumu mpishi. Anzeni na kijiko cha kupakulia wali, kwani kila mpakuaji ana mkono wake. Kisha tazameni kamba walioharibika siku ile stima ilipopotea, chakula cha wafanyakazi ambacho hakikuandikwa, na marafiki zenu mnaowakaribisha juisi kila jioni. Mara nyingi upungufu wote huishia hapo.

Wenye nyumba za wageni wana fundo jingine. Chumba huuzwa pamoja na kiamshakinywa, na fedha yote huandikwa mapato ya chumba, ilhali mahamri, mayai na matunda huandikwa gharama za mkahawa. Matokeo yake chumba huonekana dhahabu na mkahawa huonekana mzigo, hata mwenyewe akafikiria kuufunga. Mahoteli ya Marekani yalikubaliana juu ya mpangilio mmoja wa hesabu za hoteli tangu mwaka 1926, na msingi wake ni kwamba vyumba, chakula na vinywaji viwe kila kimoja na mapato yake na gharama zake. Nyumba ya vyumba sita inaweza kufanya hivyo kwa safu tatu za daftari. Na chumba kikiuzwa kupitia mtandao unaokata kamisheni, andika bei kamili aliyolipa mgeni, kisha kamisheni uiandike kama gharama. Ukiandika kile tu kilichokufikia, hutajua kamwe mtandao huo unakugharimu kiasi gani kwa mwaka.

Kuhusu M-Pesa nitasema machache. Malipo yote yaingie kwenye namba ya till, yaani namba ya M-Pesa ya kupokelea malipo ya biashara, yasiingie kamwe kwenye simu ya mhudumu wala ya mwenyewe, na kila asubuhi taarifa ya till ilinganishwe na bili za jana, pamoja na fedha taslimu zilizohesabiwa wakati wa kufunga. Bahashishi si mapato ya biashara. Iwe na kisanduku chake na daftari lake, na igawanywe mbele ya wote.

Kodi nazo hazina haja ya kuogopwa na mwenye daftari. Kwa sheria ilivyo ninapoandika, biashara ndogo yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka inaweza kuwa chini ya kodi ya mauzo ya asilimia 3, inayolipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, nayo hutozwa kwenye mauzo yote hata katika mwezi wa hasara. Anayefikisha kwa mwaka mauzo ya milioni 5 ya bidhaa na huduma zinazotozwa kodi hupaswa kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na hapo bei za menyu yake zinataka kukokotolewa upya. Kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Wekeni risiti kwenye bahasha za mwezi mmoja mmoja, mbali na ukuta unaotoa chumvi.

Chumvi hiyo hiyo inakula pia jokofu. Jokofu la shilingi 120,000 mnalotarajia litadumu miaka 5 linachakaa kwa shilingi 2,000 kila mwezi, na mwezi ambao hamkuziandika hizo 2,000 ni mwezi ambao faida yenu imetiwa chumvi. Jenereta na injini ya boti huhesabiwa vivyo hivyo.

Mmeniuliza mjifunze wapi na kwa mpangilio gani. Kabla ya kununua programu yoyote ya kompyuta, shikeni daftari la fedha kwa mkono kwa msimu mmoja, fedha zilizoingia upande huu na zilizotoka upande ule, hadi mzoee kwamba kila tendo lina pande mbili: ukinunua gunia la mchele kwa mkopo, mchele umeongezeka na deni limeongezeka. Kutoka hapo, leja, yaani kitabu chenye ukurasa wa kila akaunti, na urari wa hesabu, yaani kuhakikisha kwamba jumla za pande mbili zinalingana, vitaeleweka kwa siku chache, na mizania itakuwa ni picha tu ya mnachomiliki na mnachodaiwa siku moja. Mtu mwenye mizania halimpi tabu hata suala la zaka ya biashara, maana mwaka wa Hijra unapotimia anajua bidhaa zake zina thamani gani, fedha ni ngapi, na madeni yepi, kisha anaitoa asilimia 2.5 yake kwa mujibu wa alivyoelekezwa na shehe wake, bila kukisia. Atakayetaka kuifanya kazi hii kuwa taaluma, mitihani ya KASNEB, bodi ya Kenya inayowatahini wahasibu, ipo, nami nitamsaidia kujiandaa.

Kwa wengine, nitakuwa barazani kwangu kila Alhamisi baada ya Alasiri hadi msimu uanze. Njooni na daftari, taarifa ya till ya mwezi uliopita, na risiti mlizonazo, hata zilizolowa mafuta. Wasiokuwa na daftari waje na orodha ya stoo waliyoihesabu usiku wa mwisho wa mwezi huu, ikiwa na sahihi za watu wawili, tuanzie hapo.

Wasalaam,

Mzee wenu, karani mstaafu wa hesabu,
Mkomani, Lamu