Mliopigwa leza machoni, kadi zenu ziko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Wiki mbili zilizopita ukurasa wenu wa afya ulizungumzia mtoto wa jicho, na mwandishi akamaliza kwa kusema kuwa upasuaji ni wa dakika chache na kesho yake mgonjwa anaona vizuri. Kuhusu dakika chache sina ubishi. Ubishi wangu uko kwenye hiyo "kesho yake". Kesho yangu mimi ilichukua miezi saba kufika, kwa sababu ambayo makala ile haikuigusa hata kwa mstari mmoja: nilipokuwa kijana nilirekebishwa macho kwa leza.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Tangu shuleni nilikuwa sioni mbali. Miwani yangu ilifika hasi 7, na nikiivua, uso wa mtu aliyekaa mbele yangu ulibaki duara lisilo na pua. Kwa kazi yangu ilikuwa adha tupu. Jasho linashuka, vumbi linaganda, na kila nikiinamia darubini ya kupimia, kioo kinagonga kioo. Mwaka 2002 nikafanyiwa leza. Daktari alikata utando mwembamba juu ya konea, kile kioo cha mbele cha jicho, akaufunua kama jani la daftari, leza ikapunguza tabaka la chini yake, kisha akaurudishia. Siku ya pili nikasoma vibao vya mbali kwa macho makavu. Miwani nikaigawa, na mwaka hata mwaka nikasahau kwamba niliwahi kuwa na macho mabovu. Huko kusahau ndiko kulikoniponza.

Miaka 20 baadaye taa za magari usiku zikaanza kutawanyika kama nyota zenye miguu, na kila cheupe kikageuka rangi ya karatasi kuukuu. Nikaambiwa ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limezidi. Nikapewa fomu. Swali mojawapo lilikuwa: umewahi kufanyiwa upasuaji wa jicho? Nikaandika hapana. Sikudanganya, Mhariri. Kichwani mwangu upasuaji ni kisu, na leza ni mwanga. Hospitali siitaji na daktari simtaji, maana mkono ulioandika "hapana" ni wangu.

Upasuaji wenyewe haukuwa na kisa. Ganzi ya matone, rangi zinazoogelea, maji yanayotiririka shavuni, na kabla sijamaliza kuhesabu pumzi zangu nikaambiwa tayari. Kesho yake kifuniko kilipoondolewa, jambo la kwanza nililoliona ni shati langu. Nilikuwa nimelivaa mwaka mzima nikiamini ni la kijivu. Lilikuwa la buluu! Nikacheka peke yangu. Kisha nikatazama herufi ukutani, na zote zikawa zinaogelea.

"Jicho bado limevimba, vumilia," nikaambiwa. Nikavumilia wiki ya kwanza, na ya pili. Wiki ya tano nikapimwa: chanya 1.75. Yaani mimi niliyezaliwa kutoona mbali nilikuwa nimehamishiwa upande wa pili, ambako mbali kuna ukungu na karibu kuna ukungu mzito zaidi. Daktari akainamia tena darubini yake, akakaa kimya muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akaniuliza taratibu: "Mzee, macho haya hayajawahi kuguswa kweli?" Alikuwa ameona alama hafifu ya duara, ukingo wa ule utando wa mwaka 2002. Nilitamani kiti kinimeze.

Alichonieleza baada ya hapo nilikielewa upesi, kwa kuwa ni kosa ninalolijua kazini. Lenzi ya bandia, ile inayowekwa badala ya lenzi ya asili iliyoingia ukungu, huchaguliwa nguvu yake kabla ya upasuaji, kwa hesabu inayotumia urefu wa jicho na mbinuko wa konea. Mashine nyingi hupima uso wa mbele wa konea, na nguvu ya konea nzima huikisia kwa kuamini kwamba mbele na nyuma vina uwiano wa kawaida. Leza ilisawazisha mbele tu, nyuma haikugusa, kwa hiyo uwiano ule kwangu haupo tena. Zaidi ya hapo, kanuni nyingi za hesabu hiyo hutumia mbinuko huohuo kukisia lenzi itakaa kina gani ndani ya jicho. Makosa yote mawili yanavuta upande mmoja: kwa aliyekuwa haoni mbali, lenzi inatoka dhaifu. Waliopigwa leza kwa kasoro ya kinyume, kosa lao huelekea upande wa pili.

Wapima ardhi wenzangu watanielewa. Mtu aking'oa kigingi cha mwanzo usiku, akakisimika hatua tano kando, wewe ukaja asubuhi ukaanzia hapo, hesabu zako zote zitakuwa sahihi na kiwanja kitakuwa cha jirani.

Naomba nichepuke kidogo, kwa kuwa nikiwa nimekaa na jicho moja nilimwomba binti yangu anisomee habari za lenzi hizi. Ya kwanza kabisa iliwekwa na Harold Ridley katika hospitali ya St Thomas' mjini London, mwaka 1949. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege za kivita vikikwama ndani ya macho ya marubani, jicho halivikatai. Akatengeneza lenzi ya plastiki ya namna hiyo, akaipa umbo kama la lenzi ya asili. Plastiki ikapinda mwanga kuliko alivyotarajia, na mgonjwa wake wa kwanza akabaki haoni mbali kwa zaidi ya dayopta 10, yaani zaidi ya hasi 10 kwa namba za miwani. Nilifarijika mno. Chanya 1.75 yangu ikaonekana ndogo.

Turudi kwangu. Kabla ya kugusa jicho la kushoto, daktari alitaka karatasi zangu za kabla ya leza: namba ya miwani ya zamani, vipimo vya konea, na matokeo ya mwisho baada ya kutulia. Tulipekua nyumba siku tatu. Mke wangu ndiye aliyeipata kadi, imebanwa ndani ya daftari langu la vipimo vya shambani la mwaka huohuo, kona imeliwa na mende lakini tarakimu zote zipo. Daktari alisema siku hizi ziko kanuni za macho yaliyopigwa leza, kama ile ya Barrett na ile ya Haigis, ambazo zinaweza kufanya kazi hata bila kadi. Lakini alipenda kuwa na vyote. Akapiga hesabu kwa njia kadhaa, akalinganisha majibu, na akachagua lenzi inayoegemea kidogo upande wa hasi, kwamba ikikosea, bora ikosee huko. Na aliniambia mapema, mbele ya mke wangu, kwamba hata hivyo inaweza kukosa shabaha. Neno hilo nililithamini kuliko ahadi yoyote.

Nilitaka pia lenzi za kuonesha mbali na karibu kwa pamoja, kwa kuwa nilizisoma zikisifiwa. Alinikatalia. Konea yangu tayari inatawanya mwanga usiku, na lenzi ya kugawa mwanga ingeongeza duara juu ya duara. Nikachukua ya umbali mmoja, na miwani ya kusomea.

Sasa huko kupona, ambako ndiko nilikotaka makala yenu ifike. Jicho la kushoto lilipona kwa taabu ya ukavu. Leza ya zamani ilikata mishipa midogo ya fahamu iliyoko kwenye konea, na upasuaji mpya ukakata mingine. Nilikuwa nahisi mchanga chini ya kope kila mara. Asubuhi naona kila jani la mti wa nje, saa kumi jioni mti umekuwa wingu la kijani, nikipepesa mara tatu majani yanarudi. Wiki ya pili nililia kwa hofu (kwa kulia nikaona vizuri, kichekesho hicho!), nikidhani lenzi imekosewa tena. Haikukosewa. Ni machozi yasiyotosha, yanayoacha uso wa jicho mikunjomikunjo. Machozi ya bandia yasiyo na dawa ya kuhifadhia, kila saa mbili, yalinisaidia kuliko subira niliyokuwa nahubiriwa.

Matone mengine yalikuwa ya kuzuia maambukizi, siku chache, na ya kupunguza uvimbe, wiki nne, yakipungua moja kila wiki. Haya ya pili yanaweza kupandisha presha ya jicho kwa baadhi ya watu. Hapa pia leza ina neno lake: konea iliyopunguzwa unene huifanya mashine isome presha chini ya ilivyo. Kipimo kikisema 15, huenda jicho linasema zaidi. Nisingejua hilo kama nisingekuwa nimejifunza kusema, kila ninapoingia mlangoni hata kabla ya salamu kuisha, "mimi nilipigwa leza mwaka 2002."

Na liko moja ambalo hata mimi nilishangaa. Leza ilinivua miwani, lakini haikulifupisha jicho langu. Kwa ndani bado ni jicho refu la mtu wa hasi 7, retina yake, ule utando wa nyuma unaopokea picha, imetanuka na ni rahisi kuachia kuliko ya wengine, hasa baada ya upasuaji huu. Nikiona vimulimuli, vidoti vyeusi vingi kwa ghafla, au kivuli kinachoshuka kama pazia, niende siku hiyohiyo. Hali kadhalika nikipata maumivu yanayoongezeka na wekundu. Ukungu wa jioni unaoondoka kwa kupepesa hauna haraka hiyo.

Benchi la kusubiri nililikalia na mama mmoja aliyerekebishwa kwa njia ya zamani kuliko yangu, ya mikato ya kisu iliyopangwa kama miale ya jua. Yeye baada ya upasuaji konea ilivimba kwenye mikato, na kwa wiki kadhaa namba yake ilibadilika kila akipimwa. Daktari alikataa kumwandikia miwani wala kugusa jicho la pili mpaka tarakimu zitulie. Mama huyo aliniambia yeye fomu aliijaza vizuri. Nikatazama pembeni.

Jicho langu la kushoto limetulia kwenye hasi 0.25. La kulia linabaki chanya 1.75. Niliambiwa lenzi inaweza kubadilishwa, au kuongezewa nyingine juu yake, au konea ikaguswa tena kwa leza. Nilifikiria ukavu ule, nikachagua miwani. Iko puani mwangu sasa hivi ninapoandika, na kusema kweli nimeizoea kwa siku nne tu.

Ombi langu kwa ukurasa wa afya ni makala ya pili. Wengi waliokimbilia leza tangu miaka ya tisini, wakiwa vijana, sasa wanaingia umri wa mtoto wa jicho, na kliniki zilizotunza karatasi zao huenda zimefungwa. Na fomu ziulize kwa lugha ya watu. Pembeni ya "upasuaji" ziandikwe "au leza".

Binti yangu alifanyiwa leza mwaka jana. Nimemwomba kadi yake niitolee nakala. Ameniambia, "Baba, nitaitafuta." Huu ni mwezi wa tatu.

Wako,
Mpima ardhi mstaafu