Shukrani kwa dada wa duka la dawa za mifugo, Mtwara mjini

Dada, jina lako sikulipata, ila nataka watu wa Mikindani wasikie ulichofanya. Sungura wetu wawili, wa kufuga tu, si wa kitoweo, walinenepa mpaka yule jike akashindwa kujipinda ajisafishe. Kinyesi laini kikawa kinamgandia nyuma, nzi wanamzonga. Nikaja kwako kutafuta dawa. Hukuniuzia kitu (mfanyabiashara gani hufanya hivyo?).

Jioni ulipofunga duka ukaja hadi nyumbani, ukampapasa mbavu, hazikushikika. Ukapiga marufuku mkate na ndizi, karoti ikabaki ya kuonjeshwa. Nyasi, hasa kavu, zisikosekane usiku na mchana, matembele kiasi, maji safi. Pumba ukasema tupunguze taratibu, tusiwashindishe njaa, maana sungura asipokula tumbo husimama na anaweza kufa. Kila Jumamosi ukapita na mzani wako, jike kakaa ndani ya beseni kanuna.

Sasa mbavu zinashikika, na anajilamba mwenyewe hadi mkiani.

Wenye sungura wazito, wapapaseni mbavu kabla ya kukimbilia dawa. Nawe dada, korosho zako zimeshabanguliwa, pita uzichukue.