Wazamiaji wa vizimba wapimwe meno kabla ya kushushwa ziwani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee vijana wanaozamia kwenye vizimba vya kufugia samaki aina ya sato ziwani huku kwetu Ilemela. Kazi yao ni kushona nyavu zilizotoboka, kuokota samaki waliokufa na kukagua kamba za nanga. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi, na sasa nawasimamia nikiwa kwenye boti. Wakati wa kuajiriwa huulizwa kama wanajua kuzamia, basi. Hakuna anayewaambia wafungue kinywa.

Hivi karibuni kijana wetu mmoja aliibuka ameshika shavu, machozi yanamtoka. Alipovua vifaa alitema kiganjani kipande cha gego, bado kimeng'ang'ania dawa ya kuzibia, na upande wa ndani ni mweusi tii. Jino hilo lilizibwa zamani, na nchi kavu halikuwahi kumsumbua. Mwenye mradi, ambaye simtaji, alipiga simu akataka kijana aweke karafuu amalizie wavu uliobaki. Nilikataa.

Daktari wa meno alituelewesha vizuri. Jino likiendelea kuoza chini ya kizibo, hubaki kijishimo chenye hewa. Mzamiaji akishuka mita 10 tu, mgandamizo unakuwa takriban mara mbili ya ule wa juu ya maji, na hewa hupenya polepole kwenye ufa wa kizibo. Akipanda, hewa ile hutanuka kuliko inavyoweza kutoka. Inabana mshipa wa fahamu, na ukuta wa jino ukiwa mwembamba unapasuka. Wapo wanaoumwa wakati wa kushuka, na mara nyingi hao jino limeshakufa ndani. Mafua nayo huziba vyumba vya hewa vilivyo kwenye mifupa ya uso, magego ya juu yakauma ingawa ni mazima.

Si jambo geni. Marubani wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia walilalamikia meno walipopaa juu sana, na hata abiria wa ndege anaweza kuumwa. Lakini abiria huyo amekaa kitini. Kijana wetu yuko chini ya wavu, kwenye maji ya ukungu, kamba zimemzunguka. Jino likimchoma ghafla atataka kukimbilia juu, na akipanda amebana pumzi, hewa aliyovuta kule chini hutanuka na kuweza kumpasua mapafu. Kwa hilo hahitaji hata kwenda kina kirefu. Ndiyo maana nakasirika nikisikia mtu anasema, "Ni jino tu."

Wenye vizimba wawalipie wazamiaji uchunguzi wa meno kabla ya kuwaajiri, na baada ya hapo kila mwaka, pamoja na picha ya mionzi, kwa sababu uozo ulio chini ya kizibo hauonekani kwa macho. Aliyeng'olewa au kuzibwa jino asishuke mpaka daktari amruhusu, na siku hizo alipwe. Hili la malipo nalisisitiza. Vijana hawa wanalipwa kwa kutwa. Anayejua kwamba akisema jino linauma, leo hatakula, atameza vidonge viwili na kuvaa mtungi wa hewa. Nimewaona wakifanya hivyo alfajiri, wamegeuzia wenzao mgongo.

Kwa madaktari wa meno wa Mwanza, ombi langu ni dogo: mgonjwa akikaa kwenye kiti, muulizeni anafanya kazi gani. Akisema anazamia, mwelezeni lini arudi majini, na mwandikieni karatasi ya kumwonyesha bosi wake.

Na maofisa uvuvi wanapokuja kukagua vizimba, wakishahesabu samaki na kupima maji, waombe kuona pia vyeti vya afya vya wazamiaji.

Msimamizi wa wazamiaji,
Ilemela, Mwanza