Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti: tuletee daktari wa pua Lamu

Mheshimiwa,

Assalaam aleykum. Nakuandikia kutoka Langoni, Lamu, kuhusu mwanangu.

Yeye ni baharia. Siku moja wakipandisha tanga, foromali, ule mti unaobeba tanga, ilimpiga usoni. Tulikompeleka alipewa vidonge vya maumivu, tukaambiwa uvimbe utashuka wenyewe. Hakuna aliyemmulika tochi ndani ya pua. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba damu ikivilia kwenye ukuta wa kati wa pua lazima itolewe upesi, kwani gegedu lile, yaani mfupa laini wa ukuta huo, hulishwa na utando unaolifunika. Damu ikivitenganisha, gegedu hufa kwa siku chache na pua ikabonyea. Mwanangu aliepuka hilo, alhamdulillahi. Lakini ukuta ulikuwa umepinda, tundu ya kushoto ikaziba kabisa.

Usiku alikuwa akilala kinywa wazi. Nilimsikia kutoka chumba cha pili akivuta pumzi kama anayeburura gunia, kisha kimya, kisha anashtuka. Asubuhi midomo imepasuka.

Mheshimiwa, upasuaji wenyewe wa kunyoosha ukuta huo ulituonyesha kwamba dhiki yetu kubwa ilikuwa njiani. Daktari wa masikio, pua na koo alipitia ndani ya tundu, uso hakuuchana. Akainua utando, akanyoosha gegedu, akatoa kipande cha mfupa kilichopinda, akashona. Jioni ile ile tukaruhusiwa.

Ila kufika hapo! Boti alfajiri hadi Mokowe, basi kupitia Witu, Garsen na Malindi mpaka Mombasa, siku nzima. Tulikwenda mara tatu: kuonwa, kupimwa, kupasuliwa. Na baada ya upasuaji mtu hapengi kamasi, habebi kizito, na ana vibanzi puani vya kuushikilia ukuta, vya kutolewa baada ya wiki. Huwezi kumrusharusha garini na damu ingali inadondoka. Tukakaa kwa shemeji yangu Kisauni siku nane, mashua ikiwa imefungwa.

Katiba ya 2010 iliziweka hospitali za kaunti mikononi mwenu. Naomba daktari huyo aletwe Lamu kila baada ya miezi michache, awaone wagonjwa na kuwapasua hapa hapa. Tarehe zibandikwe gatini na zitangazwe misikitini. Na wahudumu wa zahanati wafundishwe kumulika ndani ya pua ya kila aliyepigwa usoni, siku ile ile.

Kwenye mashua ya mwanangu kuna vijana wengine wawili wanaopumulia kinywa hadi leo.

Mama wa baharia, Langoni