Shaba ya meli zilizozama tuiache humo humo

Mhariri,

Msomaji wenu aliyeandika juzi kwamba vijana wa pwani wafundishwe kuzamia ili wakang'oe shaba na chuma kwenye meli zilizozama, namuunga mkono hapo kwenye kufundishwa tu. Hayo mengine nayapinga kwa nguvu zangu zote.

Mimi ni mtu wa Wete, naishi Scotland, na huzamia kwenye ghuba ya Scapa Flow, katika visiwa vya Orkney. Humo ndimo Wajerumani walimozizamisha kwa makusudi manowari zao zilizokuwa zimezuiliwa na Waingereza, tarehe 21 Juni 1919. Zilikwenda chini 52. Nyingi ziliinuliwa baadaye zikauzwa chuma chakavu, lakini saba kubwa zimebaki, na tangu 2001 zinalindwa kisheria: kuzitazama ruhusa, kuondoka na hata msumari marufuku.

Aliyezoea maji ya joto ya kisiwa chetu cha Misali, Pemba, atateseka. Unavaa vazi lisiloingiza maji, ndani yake nguo nzito za joto, na bado midomo inakufa ganzi hadi hutauhisi mpira wa kuvutia pumzi ulioung'ata. Lakini ukiifikia Cöln, mojawapo ya hizo saba, iliyolalia ubavu wa kulia kwenye kina cha mita kama 35, tochi inakuonyesha sitaha imesimama wima kama ukuta, mizinga ingalipo, na anemoni weupe na wa rangi ya chungwa wamekivika chuma chote. Watu wanatoka mbali kuja kuona hayo, wanalipa boti na malazi. Ingekatwa yote ikauzwa, wangefuata nini?

Katika maji hayo hayo ipo manowari Royal Oak ya Waingereza, iliyopigwa na nyambizi ya Kijerumani Oktoba 1939 wakafa watu zaidi ya 830. Hiyo raia hazamii. Wanamaji wao huishukia kila mwaka kubadilisha bendera.

Sisi Wapemba tuna watu wetu ndani ya meli ya abiria Spice Islander tangu ilipozama Septemba 2011, wengi hawakuopolewa. Kijana akishafundishwa kwamba chini kuna shaba, nani atamwambia meli ipi ni chuma na ipi ni kaburi? Naziomba mamlaka za mambo ya kale, Bara na Visiwani, ziorodheshe meli zilizozama kwenye maji yetu na ziseme wazi ipi izamiwe na ipi isiguswe, kabla mtu yeyote hajapewa kibali cha kukata.

Mzamiaji wa Wete,
Aberdeen, Scotland